Gari Lililozimwa

Ukitoka Kisii mjini kuelekea Keroka, karibu kila gereji utakayoipita iko kwenye mteremko. Nchi ya Gusii haina tambarare ya kumgawia fundi. Ploti iliyo sawa huchukuliwa na kanisa, shule au nyumba ya ghorofa, na anayetengeneza magari huachiwa ubavu wa kilima. Mji wenyewe uko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Nyamira iko juu zaidi, na mvua ya mwaka hupita milimita 1,500. Mwenye chai na ndizi hushukuru. Fundi yeye hulala chini ya magari juu ya udongo mwekundu unaoteleza, na kila alichokiegesha hapo kinataka kushuka bondeni.

Mjomba wangu ndiye aliyeniombea nafasi nilipomaliza kidato cha nne, katika ile miaka ya mwanzo ya serikali za kaunti. Hapakuwa na barua wala mkataba. Baba alipeleka ada ya kufundishwa, mwenye gereji akaihesabu, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema, "Utaanza na kuosha spea." Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa spana boi. Unalipa ili ufanye kazi, na siku ukipata chai na mandazi unajiona umepandishwa cheo.

Uwanja wetu ulianzia ukingoni mwa barabara ukateremka kuelekea mto Nyakomisaro. Magari yaliingia kwa pua yakasimama yakiutazama mto. Fundi mkuu aliupenda mpangilio huo kwa sababu gari bovu halikuhitaji kuvutwa: ukiachilia breki pale barabarani linajiingiza lenyewe. Kulitoa ndiyo ilikuwa kazi, lakini wakati wa kulitoa limeshapona.

Tulifundishwa kuogopa jeki. Kila fundi mkongwe ana hadithi ya mtu aliyeangukiwa na gari, na wetu alitusimulia yake kwa urefu, pamoja na jina la kijiji cha marehemu, mpaka hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuingiza hata kichwa chini ya gari kabla ya kuweka stendi au gogo. Mafunzo hayo yalikuwa mazuri. Ila kuhusu gari lililosimama kwa magurudumu yake yote, injini imezimwa, hatukuambiwa lolote. Tulipita katikati ya magari kama watu wapitao kwenye sebule.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya Aprili, baada ya mvua. Lori dogo la kubeba majani mabichi ya chai lilitufikia kutoka upande wa Nyamira likiwa na mlio chini ya sakafu, mlio ambao kila fundi wa milimani anaujua: beringi ya katikati ya propela imekwisha. Malori haya yana maisha magumu. Hupanda na kushuka kutoka kituo kimoja cha kununulia chai hadi kingine, kwenye barabara za udongo, yakikimbiza majani kiwandani kabla hayajanyauka, iwe ni Kebirigo, Sanganyi au Nyansiongo. Dereva akaliingiza, akaliegesha nyuma ya pickup iliyokuwa ikitengenezwa taa, akavuta hendibreki, akaacha gia ya kwanza. Turniboi akashuka na jiwe lake akalisukuma mbele ya gurudumu. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Fundi akaingia chini na spana. Kando yake, mwanafunzi mwenzetu alikuwa akipandisha matatu, na jeki ikawa inazama kwenye tope badala ya kuinua. Akatazama huku na huku akitafuta kitu bapa cha kuweka chini yake, akaliona lile jiwe. Akalichukua. Lori halikutikisika hata kidogo, maana hendibreki na gia vilikuwa vimelishika, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimebadilika. Mbele ya lori, hatua chache tu, kijana wa kutoka Ikonge alikuwa amechutama akifunga taa ya nyuma ya pickup.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu wengi wanaoendesha magari haya hawalijui jambo hili, na mafundi wanaolijua hawalisemi. Kwenye gari dogo, hendibreki hushika magurudumu yenyewe. Kwenye Canter, Isuzu za tani chache na Land Rover nyingi za zamani, si hivyo. Hendibreki ni dramu iliyofungwa nyuma ya giaboksi. Dramu hushika propela, propela hushika difu, difu hushika magurudumu ya nyuma. Gia nayo hupitia njia hiyo hiyo. Ni kama kumzuia ng'ombe kwa kamba: mkono uwe na nguvu utakavyo, kamba ikikatika ng'ombe ameondoka. Siku unapofungua propela, umeondoa hendibreki na gia kwa mpigo mmoja, ingawa wenzo bado umevutwa ndani ya kebini na ukiutazama utaapa kwamba gari limefungwa.

Kuna hatari nyingine ya ukoo huohuo. Magari ya aina hii ukiinua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, difu huliacha lile la hewani lizunguke upande mmoja na lililo chini lizunguke upande mwingine. Hendibreki imevutwa, propela iko mahali pake, na bado gari laweza kuondoka likaanguka kutoka kwenye jeki. Fundi aliyelelewa na magari madogo hawezi kuibuni hatari hii kwa akili yake. Lazima aambiwe.

Bolti ya mwisho ilipotoka, propela ilianguka karibu na sikio la fundi, na lori likaanza kwenda. Halikutoa sauti. Gari lenye injini inayonguruma hukutangulizia habari. Hili lilikuja na mkwaruzo mdogo wa matope chini ya tairi, basi. Lilimpita fundi juu yake bila kumgusa kwa kuwa alikuwa amelala katikati ya magurudumu. Mtu akapiga kelele. Kijana wa Ikonge akasikia, akainuka ili ageuke, na bampa ikamkuta kwenye paja akiwa nusu amesimama, ikambana kwenye pickup. Watu wazima waliokuwapo walisema baadaye kwamba kuinuka ndiko kulikomwokoa, kwamba angebaki amechutama ingemkuta kifuani. Nadhani walikuwa sahihi.

Tulilisukuma lori kurudi juu, sisi na kinyozi wa jirani na wateja wake, mmoja bado ana povu shingoni. Kijana akapelekwa hospitali kuu ya Kisii, ile ambayo watu wengi bado huiita Level Five. Paja lilikuwa limevunjika, akawekewa chuma. Leo anatembea, lakini ukimwona anashuka ngazi utajua.

Jioni ile ndipo nilipoanza kujifunza somo la pili, nalo lilihusu namna watu wanavyoeleza ajali. Dereva alisema ni bahati mbaya. Jirani alisema ni shetani, kwamba uwanjani pale paliwahi kuzikwa kitu. Mwenye gereji hakuwa mtu wa mashetani. Aliuliza nani alichukua jiwe, akaonyeshwa, akamfukuza kabla ya jua kuzama. Kila mtu akaridhika. Kosa lilikuwa limepata mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mtu mdogo kuliko wote uwanjani.

Sikuridhika, na sijaridhika mpaka leo. Kama usalama wa mtu unategemea jiwe la barabarani ambalo halina alama wala mwenyewe, ambalo linafanana na kila jiwe lingine, basi siku moja mtu atalihitaji kwa kazi nyingine. Mvulana yule aliona jiwe. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni breki. Fundi aliyekuwa chini ya lori alijua kwamba anaelekea kulifungulia, lakini hakutoka kulitazama gurudumu, wala hakupiga kelele kuwaambia waliokuwa mbele waondoke, kwa sababu hapakuwa na desturi hiyo. Na mwenye gereji ndiye aliyechagua magari yaelekee mtoni. Kwangu mimi mpangilio wa uwanja ndio uliomvunja yule kijana, na mpangilio haufukuzwi kazi kwa urahisi.

Familia yake ilipokuja kuuliza, iliambiwa kwamba yeye hakuwa mfanyakazi. Alikuwa akijifunza, tena kwa kulipa, na mwanafunzi hafidiwi. Mwenye gereji alichangia bili ya hospitali, na nitakuwa mwongo nikisema alichangia kidogo. Sisi tukafanya mchango, daftari likapita kwenye vibanda vya spea na kwa wenye matatu. Baba yake, mzee mpole aliyekuja kila mara na kofia mkononi, alishukuru akaondoka. Hakuna mtu pale aliyekuwa na sababu ya kujua kwamba maneno aliyoambiwa hayakuwa sheria.

Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaja anayefanya kazi chini ya mkataba wa uanagenzi, na inamhesabu kuwa mfanyakazi. Mwajiri akishapata habari ya ajali anatakiwa kuiripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku saba, au saa 24 ikiwa mtu amekufa. Anayedai fidia ana miezi 12 tangu siku ya ajali. Kwa ulemavu wa kudumu, hesabu huanzia kwenye mapato ya miezi 96, kisha hupunguzwa kulingana na kiasi cha ulemavu. Ni kweli kwamba sheria hiyo ilizungushwa mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoiunga mkono Desemba 2019, na katika miaka hiyo hata mawakili walibishana. Lakini ubishi wa mawakili haukufika Ikonge. Kilichofika ni neno moja, "mwanafunzi," na miezi 12 ikapita ikiwa kimya.

Sheria nyingine ya mwaka huohuo, ile ya Usalama na Afya Kazini, inataka mahali pa kazi pasajiliwe, na palipo na wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Gereji zetu hazifiki huko. Ina maana kwamba mahali penye magari ya kuviringika, mteremko na vijana wasiolipwa, sheria yenyewe haimlazimishi mtu kuunda kamati. Mwajiri anabaki na wajibu wake na hakuna wa kumkumbusha. Simlaumu aliyeandika 20, pengine alikuwa akifikiria viwanda. Nasema tu kwamba paja halihesabu wafanyakazi.

Baada ya pale nilizunguka. Nilifanya kazi Suneka, nikafanya Nyamira mjini, na kila mahali niliona gari likimgonga mtu au likimkosa kwa namna yake. Ipo ya kupiga shoti stata. Fundi anachutama mbele ya tairi, anaunganisha vichwa viwili vya stata kwa bisibisi ili aone kama inazunguka, na hakuangalia gia. Stata pekee, hata injini isipowaka, ina nguvu ya kurusha gari hatua nzima. Ipo ya lori kubwa lenye breki za hewa: hewa ikiisha, springi hushika magurudumu, na fundi asiyetaka kusubiri hewa ijae hufungua bolti ya chemba ili springi ziachie. Akishafanya hivyo kwenye mteremko, lori zima linamilikiwa na mteremko.

Ipo ya kurudi nyuma, na hii nadhani ndiyo inayoua zaidi kwingineko duniani kuliko tunavyodhani hapa. Taasisi ya Uingereza inayosimamia afya na usalama kazini imekuwa ikieleza kwamba karibu robo ya vifo vinavyohusisha magari mahali pa kazi hutokea gari likirudi nyuma. Uwanjani kwetu kurudi nyuma kuna mwimbaji wake. Kijana anasimama nyuma ya gari, anapiga bodi kwa kofi, anaita, "Kuja, kuja, kuja, kata yote, kuja!" Dereva anamsikia lakini hamwoni. Na mwimbaji, ili apige bodi kwa mkono, inabidi asimame mahali hasa ambapo gari linaelekea.

Halafu kuna wateja. Mteja amechoka kusubiri, anaona gari lake limefungwa boneti, anaingia, anawasha, anaondoka bila kuuliza nani yuko chini. Zamani tulikuwa tunamnyang'anya ufunguo. Siku hizi kuna magari ya kuwasha kwa kubonyeza, ufunguo uko mfukoni mwa mteja anayekunywa chai kibandani, na gari linamsikia kutoka huko. Sheria ya Kenya haikubali gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane, kwa hiyo kila mwaka Japani inatuletea yale iliyokuwa ikiyaendesha juzi, na mengi sasa ni haibridi. Haibridi ikiwa tayari kuondoka haina ngurumo. Unalipita ukidhani limezimwa, kumbe linasubiri mguu. Na injini yaweza kujiwasha yenyewe wakati mkono wako uko ndani.

Mtu aliyebadilisha namna ninavyofanya kazi ni mzee mmoja wa karibu na Kebirigo, aliyewahi kuwa fundi katika yadi ya serikali iliyokuwa ikitunza magari ya barabara, kabla ya kustaafu na kufungua gereji yake chini ya miti. Sote tulimwita tata, yaani baba. Alikuwa na vigingi vya mkaratusi alivyochongewa na seremala, vipana, vimekatwa mshazari, vimepakwa rangi nyekundu, na kila jozi imeunganishwa kwa mnyororo. Siku ya kwanza niliona kimoja kikiwa bure karibu na tairi, nikakitaka kwa ajili ya kuegemeza giaboksi.

"Hicho si cha kazi hiyo," akasema.

"Nitakirudisha tata, ni dakika tu."

"Nenda msituni kakate mti, nitakulipia. Hicho hakitoki hapo."

Nilidhani ni uchoyo wa wazee. Baadaye nikaelewa kwa nini rangi, na kwa nini nyekundu. Kigingi chake kilikuwa hakiwezi kugeuka kuwa kitu kingine. Aliweka pande zote mbili za gurudumu, hata pale ulipoona kwamba mteremko ni wa upande mmoja tu, na alikuwa akifanya hivyo kabla dereva hajashuka. Ufunguo uliingia kwenye mfuko wa ovaroli la yule aliyekuwa chini ya gari, si kwenye msumari wala kwa mwenye gari. Kabla ya kufungua propela alipaza sauti, "Naachia!" na kila mtu uwanjani alipaswa kumjibu, mmoja mmoja, akiwa amesimama ambapo gari haliwezi kufika. Mtu akikaa kimya, mzee aliweka spana chini akasubiri. Wateja wenye haraka walimchukia. Aliwaambia mjini kuna gereji nyingi.

Nilimuuliza siku moja alijifunzia wapi. Alisema katika yadi ile kila gari lilikuwa na kadi, na aliyekuwa akifanya kazi aliiweka kadi juu ya usukani, na kugusa gari lenye kadi ya mtu mwingine kulikupeleka kwa bwana mkubwa. Aliisimulia bila kuipamba. Kisha akaongeza kwamba alipofungua gereji yake aliacha kadi kwa sababu vijana walizitumia kuwashia jiko, ndipo akaja na sauti, kwani sauti haichomeki.

Gereji ninayoiendesha sasa na mwenzangu iko nje kidogo ya Keroka, hapo ambapo ni vigumu kusema umesimama Kisii au Nyamira. Vibali vya biashara tumevilipia na fomu zikauliza mengi: ukubwa wa ploti, aina ya biashara, idadi ya watu. Mteremko haukuulizwa. Tulifikiria kusawazisha uwanja, tukaita mtu wa trekta, akataja bei tukacheka wote, naye akacheka. Tukaamua kitu cha bei rahisi zaidi. Magari yetu hayatazami bonde. Yanaegeshwa kukingama, ubavu kwa mteremko, ili yakiachiwa yasiwe na pa kwenda. Kazi ya propela na klachi tunaifanya kwenye kipande kimoja tu chenye zege, tulichokimwaga wenyewe, kikiwa na ukingo mbele na nyuma. Vijana wetu wana barua ya ukurasa mmoja inayosema wanajifunza kazi kwetu, yenye sahihi ya mzazi na yetu, na tuna bima ya majeraha kazini, ambayo wakala wake alishangaa kuombwa na gereji ya mabati.

Mpangilio huo unakula nafasi. Ploti ambayo ingemeza magari sita yakiingia kwa pua inachukua manne yakikingama, na mwenye ploti, ambaye hupita kila mwisho wa mwezi, haelewi kwa nini tunalia kuhusu kodi ilhali kuna ardhi tupu anayoiona kwa macho yake. Mwezi uliopita alileta mpwa wake anayetaka kukodi ile nafasi iliyo wazi upande wa chini, aweke mashine ya kuosha magari. Maji, tope, na vijana wake wakisimama huko bondeni siku nzima, chini ya magari yetu. Tumemwambia hapana. Amesema atafikiria upya mkataba wetu Januari.